Ndoo moja ya kusuuzia: uimwage yote kwa mpigo au uigawe?

"Habari mtaalamu, samahani swali langu refu kidogo. Nafua kwa mkono, na kila nikifua nabakiza ndoo moja ya lita 20 kwa ajili ya kusuuza tu, zaidi ya hapo maji sina. Mimi huwa nayagawa, namimina kidogo kwenye beseni, nasuuza, nakamua, namwaga, narudia tena, mara nne hivi. Wifi yangu ananicheka, anasema maji ni yale yale lita 20 hata uyagawe vipi, bora kumimina yote nguo zipate nafasi, najichosha bure. Nani yuko sahihi? Na kama kugawa ndo bora, nikigawa mara mia si zitatoka hazina sabuni kabisa? Mafungu yawe sawa au la mwisho liwe kubwa? Nauliza maana mwanangu anajikuna shingoni na kiunoni, na nguo zikikauka zinakakamaa. Mmoja kaniambia nitie siki, mwingine kasema siku maji yakitoka bombani niyaache tu yatiririke kwenye beseni."

Dada yangu, kwanza pole kwa kuchekwa. Wewe ndo uko sahihi, tena si kwa tofauti ndogo ya kubishania, kwa mahesabu ya kawaida tu nguo zako zinatoka na sabuni pungufu zaidi ya mara 13 kuliko za wifi, kwa maji yale yale ya ndoo ile ile. Ila wifi naye usimpuuze moja kwa moja, hapo anaposema nguo zipate nafasi kagusa kitu cha kweli, nitakifikia. Na hilo la mtoto nimeliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu inawezekana kabisa sabuni haihusiki.

Tuanze na wazo la "maji ni yale yale", maana watu wengi wanalo na ukilisikia linaingia akilini haraka. Kosa lake ni kudhani kwamba maji ndiyo yanayoondoa sabuni. Maji peke yake hayaondoi kitu, maji yanaipa sabuni mahali pa kutawanyika tu, kinachoiondoa ni kule kumwaga. Nguo ukishaikamua haijakauka, imebaki na maji ndani yake na maji hayo ndo yamebeba sabuni. Ukiiweka kwenye beseni la maji safi ukaivuruga vizuri, sabuni inasambaa mpaka ukali wake unakuwa sawa kila mahali, ndani ya nguo na nje ya nguo. Hapo ukikamua tena, nguo inatoka na sehemu yake ya sabuni kulingana na maji iliyobaki nayo, na yaliyobaki kwenye beseni yanakwenda na sehemu yao. Basi. Hata uivuruge nusu saa zaidi haitatoa sabuni nyingine, mgao umeshafika mwisho. Njia pekee ya kusonga mbele ni kumwaga hayo na kuleta mengine safi, mgao uanze upya.

Sasa tuweke namba. Tuseme nguo zako zikiwa kavu zina kama kilo 2, na ukizikamua kwa mkono zinabaki na lita 2 za maji (nguo za pamba zikikamuliwa kwa mkono mara nyingi hubaki na maji yanayokaribia uzito wake zikiwa kavu, wakati mwingine yanauzidi). Hii unaweza kuipima mwenyewe kama una mzani, pima zikiwa kavu, pima zikiwa zimekamuliwa, uzito ukiwa umeongezeka kwa kilo 2 ujue ni lita 2 za maji, maana lita moja ya maji ni kilo moja.

Njia ya wifi: lita 2 zilizomo kwenye nguo zinaingia kwenye lita 20, jumla 22. Ukikamua, nguo inarudi na lita 2 zake kati ya 22, yaani imebakiwa na 1/11 ya sabuni iliyokuwa nayo. Kama asilimia 9 hivi. Si vibaya eti, mtu anaona maji yameanza kuwa safi anaridhika.

Njia yako: unamimina lita 5, zinakuwa 7 ukijumlisha na zile za kwenye nguo, ukikamua inabaki 2/7 ya sabuni. Hiyo ni mbaya kuliko ya wifi, na ndo maana akikuangalia raundi ya kwanza anacheka. Lakini raundi ya pili inachukua 2/7 ya ile 2/7, ya tatu 2/7 ya hiyo, na ya nne hivyo hivyo. Unazidisha 2/7 kwa yenyewe mara nne, unapata 16/2401, yaani kama 1/150. Haifiki hata asilimia moja. Wifi 1/11, wewe 1/150. Siri iko kwenye kuzidisha: yeye kaongeza maji mengi upande mmoja wa mgao mmoja, wewe umefanya migao minne na kila mgao unakula kilichobakizwa na mwenzake.

Ukitaka kuona inavyokwenda, lita hizo hizo 20 ukizigawa mara mbili unapata 1/36, mara tatu kama 1/81, mara nne 1/150, mara tano 1/243, mara kumi 1/1024. Mpaka hapo unaona kama vile hakuna mwisho, na ndo swali lako la pili linapokuja, hilo la mara mia, ambalo kwa kweli ndo lilinifanya nikae chini kuandika, kwa sababu jibu lake lina utamu wake.

Ukigawa mara mia, kila fungu ni glasi moja ya mililita 200. Nguo zina lita 2, unaongeza 0.2, inabaki 2 kati ya 2.2 kila raundi. Yaani kila raundi unaondoa kidogo sana, lakini raundi ni mia. Ukipiga hesabu inatoka kama 1/13,780. Ni ndogo, lakini angalia, kutoka raundi moja kwenda kumi ulipata faida ya karibu mara 93, kutoka kumi kwenda mia umepata kama mara 13 tu pamoja na jasho lote hilo. Na ukigawa mara elfu, mara milioni, tone moja moja, haitavuka 1/22,026 hivi. Kuna ukuta pale. Huwezi kufika sifuri kwa lita 20 hata ungekuwa na uvumilivu kiasi gani.

Ukuta huo si namba ya kubahatisha. Ukichukua maji yote ukayagawanya kwa maji yanayobaki kwenye nguo (20 kwa 2 ni 10), halafu ukachukua namba 2.71828 ukaizidisha kwa yenyewe mara 10, unapata hiyo 22,026. Namba hiyo wanahisabati wanaiita e. Jacob Bernoulli aliikuta mwaka 1683 akihangaika na swali la riba: ukiweka 1 mahali panapolipa riba ya asilimia 100 kwa mwaka unapata 2, lakini wakikulipa nusu ya riba kila miezi sita, nayo ikazaa, unapata 2.25, wakikulipa kila mwezi unapata kama 2.61, kila siku 2.71, na hata wakikulipa kila sekunde haivuki 2.72. Herufi yenyewe e aliitumia Leonhard Euler, ipo kwenye barua yake ya mwaka 1731. Kwa hiyo mtu wa riba na wewe na beseni lako mnapiga hesabu moja, yeye anagawa mwaka wewe unagawa ndoo, na wote wawili mnagonga ukuta ule ule.

Mafungu yawe sawa au la mwisho liwe kubwa? Yawe sawa. Watu wengi hupenda kubakiza maji mengi kwa raundi ya mwisho ili "kumalizia vizuri", na inaonekana ni busara, ila hesabu inakataa. Chukua raundi mbili tu. Lita 10 na 10 zinakupa 1/36. Lita 5 halafu 15 zinakupa kama 1/30. Lita 2 halafu 18 zinakupa 1/20. Na kitu ambacho wengi hawakitarajii, ukigeuza ukaanza na 15 ukamalizia na 5 jibu ni lile lile 1/30, kwa sababu ni kuzidisha tu na kuzidisha hakujali nani katangulia. Kwa nini sawa ndo bora, ni sababu ile ile inayofanya shamba la pembe nne lenye mzunguko uliopangwa lipate eneo kubwa zaidi likiwa mraba, ukirefusha upande mmoja kwa kufupisha mwingine eneo linapungua. Ila usijitese na kupima kwa kijiko, ukikosea lita moja huku na nusu kule hutaona tofauti.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hukuuliza lakini kwangu ndo kikubwa kuliko vyote: kukamua. Angalia tena zile hesabu, namba inayotawala ni ile lita 2 inayobaki kwenye nguo. Tuseme umekamua kwa nguvu zaidi, au mmekamata shuka wawili mkalisokota kila mtu upande wake, ikabaki lita 1 badala ya 2. Raundi zako nne za lita 5 sasa kila moja inabakiza 1/6, na 1/6 mara nne ni 1/1296. Umetoka 1/150 mpaka 1/1296 bila kuongeza hata tone la maji. Na ukikamua hivyo halafu ukasuuza mara mbili tu za lita 10 unapata 1/121, ambayo karibu inalingana na raundi nne za mtu anayekamua juu juu. Kwa hiyo siku umechoka, punguza raundi, usipunguze kukamua. Watu wanafanya kinyume.

Na hapa kuna kosa moja nimeliona mpaka kwa watu wanaofua vizuri tu. Mtu anafua, anatoa nguo kwenye maji ya povu zikiwa zinachuruzika, anazitupia moja kwa moja kwenye beseni la kusuuzia. Ngoja nikuoneshe hasara yake. Tuseme ulitia gramu 60 za sabuni ya unga kwenye lita 10 za maji, kila lita ina gramu 6. Nguo zinazochuruzika zinaweza kubeba lita 6 kirahisi, hizo ni gramu 36 za sabuni umezihamishia kwenye maji yako safi. Ungekamua kwanza zikabaki na lita 2 ungehamisha gramu 12. Umeanza safari ukiwa na mzigo mara tatu kwa uvivu wa dakika mbili. Kamua ndani ya maji ya sabuni, kabla ya kusuuza ya kwanza, hiyo ndo kamua yenye thamani kubwa. Tena ukiona gramu 60 ni nyingi kwa nguo zako punguza, sabuni ikizidi kipimo hazing'ai zaidi, zinabaki na mabaki zaidi tu.

Nguo za sufu na hariri na hizo nyembamba usizisokote, zitavutika na kupoteza umbo. Zilaze kwenye taulo kavu, viringisha, kandamiza, taulo litanyonya maji mengi kuliko mkono wako.

Sasa haki ya wifi. Hesabu zangu zote zinasimama juu ya sharti moja, kwamba maji na sabuni vimechanganyika sawasawa kila raundi. Kilo 2 za nguo ndani ya lita 5 zinabanana, maji yanapita pembeni, katikati ya bunda panabaki na sabuni yake kama ilivyokuwa. Hapo mgao wa 2/7 niliousema haufiki. Ukienda kwenye lita 2 kwa raundi, ile ya 1/1024, hiyo ni ya kwenye karatasi tu, nguo hata haziloi vizuri. Kipimo changu ni rahisi, maji yafunike nguo na mkono wako uweze kuzigeuza juu chini bila kubeba bunda zima. Kwa kilo 2 na lita 20, raundi tatu au nne, zaidi ya hapo unajidanganya.

Lakini kuna ujanja unaomaliza huo ugomvi, yaani nguo zipate nafasi na maji yagawanywe pia. Gawa nguo badala ya maji peke yake. Tenga mafungu mawili ya kilo moja moja, nyeupe na za mtoto upande mmoja, za rangi na za kazi upande wa pili. Ndoo igawe mara nne za lita 5. Fungu la kwanza lisuuze mara tatu kwa maji safi, ila yale maji ya raundi ya pili na ya tatu usiyamwage, yaweke pembeni kwenye vyombo viwili. Fungu la pili lianzie kwenye maji ya pili yaliyotumika, liende kwenye ya tatu yaliyotumika, limalizie na lita 5 za mwisho ambazo ni safi kabisa. Nimepiga hesabu, kwa kukamua kule kwa kawaida (lita 1 kwa kilo 1), fungu la kwanza linatoka na 1/216 na la pili kama 1/169. Ungechukua mafungu yale yale ukaligawia kila moja lita 10 zake safi, raundi mbili mbili, ungepata 1/36 kwa yote. Ukilinganisha na raundi zako nne za bunda zima, ile 1/150, faida kwa namba si kubwa sana, nakwambia ukweli, ila kilo moja kwenye lita 5 inageuka vizuri kwa hiyo hesabu inakuwa ya kweli na si ya karatasi, na mikono haichoki sana maana kila nguo unaikamua mara tatu si nne. Kanuni ya kushika ni kwamba nguo zinatembea kuelekea maji safi na maji yanatembea kuelekea nguo zenye sabuni, wanapishana. Viwandani wanafua vitu vingi kwa kanuni hiyo hiyo. Angalia tu nguo inayochuja rangi isitangulie.

Bomba kutiririka. Hii naielewa inavyovutia, maji safi yanaingia muda wote, mtu anaona lazima nguo zinatakata. Shida ni kwamba maji yanayofurika juu ya beseni yanaondoka na sabuni kidogo na maji safi mengi ambayo hata hayajagusa nguo. Tuseme beseni limejaa lita 10 ukijumlisha maji ya kwenye nguo, halafu unaacha lita nyingine 20 zipite huku unavuruga. Inabaki kama asilimia 13.5 ya sabuni ndani ya beseni, ukitoa nguo na kukamua zinatoka na moja ya tano ya hiyo, yaani karibu 1/37. Umetumia lita 28 kupata kile ambacho lita 20 zingekupa kwa raundi mbili tu. Na hapo nimekupa heshima ya kuvuruga muda wote, ukiacha tu na kwenda kufanya kazi nyingine ni mbaya zaidi. Bomba litumie kujaza, funga, suuza, kamua, mwaga.

Siki sasa. Inasaidia, lakini si kwa sababu watu wanayodhani. Haitoi sabuni kwa nguvu ya ajabu. Sabuni nyingi za unga zinaacha hali ya ualkali (kinyume cha asidi) kwenye nguo na siki ni asidi hafifu, inaituliza hiyo, pia inalegeza mabaki ya chokaa. Kama maji yako ni magumu, yale ambayo sabuni ya mche haitoi povu vizuri na sufuria linaota ukoko mweupe ndani, basi kalisi na magnesi zilizomo zinashikana na sabuni ya mche na kutengeneza utando ambao maji hayauyeyushi, na huo utando hautii hizi hesabu zangu kwa sababu hauko kwenye maji, umeng'ang'ania uzi. Hapo kusuuza mara kumi hakusaidii sana, badilisha utumie sabuni ya unga au ya maji ambayo haishikani na hayo madini kirahisi, na nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye raundi ya kabla ya mwisho. Ila sikiliza kwa makini hapa: siki isikutane hata siku moja na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, inachoma macho na mapafu, kwenye bafu dogo lililofungwa ni hatari kweli. Kama nguo umeziloweka kwenye dawa hiyo siku hiyo siki usiiguse.

Kukakamaa kwa nguo si ushahidi wa sabuni, hili nalo watu wanalikosea. Pamba ikikauka imetulia bila upepo wala kuguswa, nyuzi zake zinagandana zenyewe hata kama ilisuuzwa na maji safi kiasi gani, na maji magumu yanazidisha. Kung'uta nguo kwa nguvu kabla ya kuanika na tena ukizianua, utaona tofauti. Taulo hasa.

Ukitaka kujua kama sabuni imebaki, fanya hivi. Baada ya raundi ya mwisho usiangalie maji ya beseni, kamata sehemu nene, kola ya shati pale inapokunjwa, au mkanda wa kiuno wa suruali pale mishono inapokutana tabaka tatu nne, ikamue hiyo peke yake kwa vidole ndani ya glasi ya kioo, funika kwa kiganja, itikise. Povu likikaa juu bila kupasuka, bado. Likipasuka mara moja uko vizuri, ingawa zipo sabuni zimetengenezwa zisitoe povu jingi kwa hiyo usilifanye povu kuwa hakimu wa mwisho, ukihisi utelezi kati ya vidole hesabu kuwa bado. Na utashangaa, katikati ya shati pako safi wakati kola bado inateleza, kwa sababu tabaka nene zinachelewa kuachia. Ndo maana kila raundi mimi hushika hizo sehemu peke yake, nakandamiza na kuachia mara kadhaa zikiwa ndani ya maji, ndo niendelee na nyingine.

Na sasa unaona kwa nini nimeshtuka uliposema shingoni na kiunoni, maana kola na mkanda viko hapo hapo. Inaendana na mabaki ya sabuni, siwezi kukataa. Lakini shingoni na kiunoni ni mahali pa jasho pia na pa msuguano, lebo ya nguo inakwaruza shingo, lastiki inabana kiuno, kifungo cha chuma cha suruali kinawasha watoto wengine kwa sababu ya nikeli, na joto peke yake linatosha kuleta vipele kwenye mikunjo. Fangasi nao wanapenda hapo. Kwa hiyo jaribio la haki ni kubadilisha mambo ya ufuaji tu kwanza: nguo zake zifue peke yake kwa wiki mbili kwa sabuni isiyo na manukato, bila dawa ya kulainisha nguo (hiyo imetengenezwa ibaki kwenye uzi, kuisuuza si kazi yake), kamua kabla ya kusuuza, raundi tatu au nne. Usibadilishe na sabuni ya kuogea na mafuta ya kupaka siku hiyo hiyo, utashindwa kujua kilichosaidia. Akitulia, rudisha sabuni ya zamani ukiendelea kusuuza hivyo hivyo, ukiona muwasho umerudi basi ni sabuni yenyewe na si kusuuza.

Asipotulia kwa wiki hizo mbili mpeleke akaonwe ngozi, hiyo si kazi ya mahesabu tena. Na usisubiri hata hizo wiki kama ngozi inatoa majimaji au usaha, inapasuka, vipele vinasambaa haraka, ana homa, au muwasho unamnyima usingizi. Akivimba uso au midomo au akipumua kwa shida hiyo ni dharura, kimbia naye saa hiyo hiyo. Usimpake krimu ya steroidi uliyopewa na jirani kabla hajaonwa, kama ni fangasi inaweza kumfunika dalili na kumzidishia. Ukienda chukua pakiti ya sabuni unayotumia, ile yenye maandishi ya vilivyomo, na moja ya nguo zinazomsumbua ikiwa bado haijafuliwa upya, daktari akiigeuza kola upande wa ndani atapata maswali ya kukuuliza ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyafikiria.